Seli shina kwa mgongo uliosagika: niuze kiwanja?

"Daktari, habari za kazi. Mimi ni mwalimu mstaafu, nina miaka 61, naishi hapa Dodoma na nina shamba la zabibu ekari moja na nusu upande wa Mpunguzi. Mgongo wa chini unanisumbua mwaka wa tisa sasa. Nikisimama sana kanisani, au nikiwa napogolea mizabibu, unauma mpaka nitafute pa kukaa. Nimepiga eksirei mara tatu na mara zote naambiwa pingili zimesagika, ni baridi yabisi ya uzee. Nimemeza diklofenaki, nimevaa mkanda, na mwaka jana nilinunua unga wa seli shina nikaunywa mwezi mzima. Sasa mwanangu aliyeko Dar ameona tangazo la hospitali ya nje inayochoma sindano za seli shina mgongoni. Wanasema seli zinakwenda kuotesha gegedu jipya, ule mfupa laini wa kwenye viungo, na kwamba ni utafiti uliothibitishwa. Pamoja na nauli inafika milioni 28. Nina kiwanja Nala, nikikiuza zinatosha. Na nasikia hata hapa kwetu hospitali ya Benjamin Mkapa wanatibu kwa seli hizo hizo. Niende nje, nisubiri hapa, au niache? Natumia pia dawa za presha."

Mwalimu, shikamoo. Nianze na kiwanja, maana ndicho kilichonifanya nikae chini nikuandikie kwa urefu: usikiuze. Sisemi hivyo kwa kuwa seli shina, yaani seli changa zinazoweza kuzaa seli za aina nyingine, ni utapeli. Ni jambo linalochunguzwa na watu makini, na huenda siku moja nikawa mimi ninayekuchoma hiyo sindano. Ila leo hii, kwa mgongo wa namna ya wako, bado ni swali, na huyo anayetaka milioni 28 anakuuzia swali kwa bei ya jibu.

Hilo la Benjamin Mkapa nimeulizwa na wengi, mpaka na dereva wa bodaboda aliyenipeleka kazini juzi. Ni kweli, tangu 2023 pale wanapandikiza uloto, ule ute wa ndani ya mfupa unaotengeneza damu, kwa watoto wenye selimundu. Muhimbili nao walianza kupandikiza uloto 2021, kwa wagonjwa wa saratani ya damu. Lakini hizo ni seli shina za damu. Unamwekea mtoto kwenye mshipa kama unavyoongeza damu, nazo zenyewe zinatafuta njia mpaka ndani ya mfupa, zinakaa, zinaanza kuzaa damu. Ndiyo kazi yake tangu mtu azaliwe. Tiba hiyo ina miaka zaidi ya 50 duniani, na daktari Mmarekani E. Donnall Thomas aliipatia tuzo ya Nobel mwaka 1990. Haina uhusiano na mgongo wako, zaidi ya jina.

Seli unazotangaziwa wewe ni za ukoo mwingine. Huchukuliwa kwenye uloto, kwenye mafuta ya tumbo au kwenye kitovu cha mtoto mchanga. Aliyezipa jina la seli shina za mesenkima, mwaka 1991, ni mwanasayansi Arnold Caplan wa Marekani. Mwaka 2017 huyo huyo aliandika kwamba jina libadilishwe, kwa sababu linawapotosha watu. Maabara, ukizilea kwenye sahani na kuzipa dawa fulani, unaweza kuzigeuza gegedu au mfupa. Ndani ya mwili wa mtu mzima hazifanyi hivyo. Zikichomwa, nyingi hufa au kutoweka baada ya muda mfupi. Kinachodhaniwa kusaidia ni kemikali zinazotoa kabla ya kutoweka, zinazopoza uvimbe. Zichukulie kama mzee wa baraza aliyeitwa kwenye boma lenye ugomvi: anaongea, watu wanatulia, anaondoka. Akishaondoka, ukuta uliobomoka bado umebomoka.

Kuhusu ule unga, nitasema kwa ufupi kwa sababu pesa ilishakwenda. Seli ukiila ni chakula. Iwe ya tufaha, ya zabibu au ya mnyama, tumbo linaimeng'enya kama linavyomeng'enya ugali na mlenda. Hakuna seli inayotoka kwenye kikombe ikafika kwenye pingili.

Tuje kwenye mgongo wenyewe. "Pingili zimesagika" ni maneno yetu sisi watu wa hospitali, na nadhani yameumiza watu wengi kuliko pingili zenyewe. Mtu akiyasikia anaona jiwe la kusagia uwele: kila akiinama, mfupa unakula mfupa na unga unadondoka. Basi anaacha kuinama, anaacha shamba, anashinda amekaa. Misuli inalegea, na mgongo uliokuwa unauma jioni unaanza kuuma tangu asubuhi.

Hali halisi ni hii. Kiunoni una pingili 5. Kati ya pingili na pingili kuna diski, kimto cha gegedu chenye ute katikati. Kwa nyuma, kulia na kushoto, pingili zinashikana kwa viungo viwili vidogo. Kila kimoja ni kama goti dogo: kina gegedu, kina ute, kina kifuko. Ni kidogo kweli. Ukikichoma maji hakipokei zaidi ya mililita moja au mbili, haifiki hata nusu ya kijiko cha chai. Umri unavyokwenda, diski inapoteza maji na kupungua kimo. Mzigo uliokuwa unabebwa na diski unahamia nyuma, kwenye hivyo viungo vidogo. Gegedu lao linakonda, kifuko kinavimba, mfupa unaota vinundu pembeni. Hiyo ndiyo osteoathritisi ya mgongo. Baridi yabisi yenyewe ni ugonjwa mwingine, ambao kinga ya mwili inashambulia viungo, na wala hewa ya baridi ya Julai haileti hata mmoja kati ya hiyo miwili, ingawa inaweza kukufanya ujisikie umekakamaa zaidi.

Katika barua yako kuna neno dogo lililonisaidia kuliko eksirei zote tatu: unatafuta pa kukaa. Mgongo unaouma ukisimama na ukiupinda kwenda nyuma, kama unapoinua mikono juu ya mzabibu, ukapoa ukikaa au ukiinama mbele, mara nyingi shida iko huko nyuma, kwenye viungo vidogo, au kwenye njia ya mishipa ya fahamu iliyobanwa. Diski kwa kawaida ina tabia tofauti, inauma zaidi ukikaa na ukiinama. Sisemi nimeshakupima. Hata nikikushika kwa mikono yangu siwezi kuapa; njia ya uhakika zaidi ni kuchoma ganzi kwenye vineva, yaani mishipa midogo ya fahamu, vya viungo hivyo, chini ya mashine ya eksirei, na kuona kama maumivu yanakatika kwa saa chache. Lakini ulikaribia kutumia milioni 28 kutibu kitu ambacho hakuna aliyehakikisha ndicho kinachouma.

Wala usiiamini picha kupita kiasi. Mwaka 2015 wataalamu walikusanya picha za migongo ya watu 3,110 ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya mgongo. Kati ya wenye miaka 60, asilimia 88 walikuwa na diski zilizochakaa. Hao walikuwa wanalala vizuri na kuamka vizuri. Mgongo wa miaka 61 unaoonyesha uchakavu kwenye picha ni kama nywele zenye mvi kichwani. Kwa hiyo hata ingetokea seli ziote gegedu jipya kesho, haifuati kwamba maumivu yangeondoka nalo.

Utafiti umefika wapi, basi? Jaribio kubwa linalozungumzwa zaidi ni la kampuni ya Mesoblast, ya Australia. Walichukua watu 404 wenye maumivu sugu ya mgongo yatokanayo na diski. Baadhi walichomwa seli milioni 6 zilizotoka kwenye uloto wa watu wengine, baadhi wakachomwa maji ya chumvi tu, na hakuna mgonjwa aliyejua amepata nini. Matokeo yalitoka 2021. Lengo kuu walilokuwa wamejiwekea kabla ya kuanza halikufikiwa. Walipochambua zaidi, waliona waliokuwa na maumivu kwa miaka michache, chini ya mitano au sita hivi, walipata nafuu kubwa kuliko wenzao wa maji ya chumvi. Jambo la namna hiyo ukiligundua baada ya kujua nani alichomwa nini linabaki dokezo, na wenyewe wanalijua hilo, ndiyo maana wameingia kwenye jaribio jingine la watu wapatao 300 ili kulipima upya.

Angalia sasa wewe unasimama wapi. Una mwaka wa tisa. Na seli zile zilichomwa ndani ya diski, si kwenye viungo vya nyuma ambako mimi nashuku shida yako iko. Diski yenyewe ni mahali pagumu pa kuishi seli: katikati yake hakuna mshipa wa damu, oksijeni inapenya polepole kutoka kwenye mfupa, na mazingira yake ni ya tindikali. Ni kama kupanda mahindi Dodoma mwezi wa saba.

Kwa osteoathritisi ya viungo tuna ushahidi mzuri zaidi kwenye goti, kwa sababu ni rahisi kulifikia. Mwaka 2023 jarida la Nature Medicine lilichapisha jaribio la wagonjwa 475. Walilinganisha aina tatu za seli, za uloto, za mafuta na za kitovu, na sindano ya steroidi, dawa ya kupoza uvimbe ambayo tunayo siku zote. Baada ya mwaka mmoja, hakuna aina ya seli iliyoishinda steroidi, na picha za MRI hazikuonyesha mabadiliko ya maana kwenye goti la kundi lolote. Ahadi ya gegedu jipya uliyopewa ndiyo hiyo, ikapimwa, haikuonekana.

Utaniuliza: mbona kwenye tangazo kuna wazee wanatoa ushuhuda, wanatembea na machozi yanawatoka? Wengi wao hawadanganyi. Maumivu ya mgongo yana majira, yanapanda na kushuka. Mtu huamua kupanda ndege siku yalipopanda kabisa, na baada ya hapo, uchome nini usichome nini, mara nyingi yatashuka kidogo. Ongeza siku za kupumzika, daktari aliyekusikiliza saa nzima, na pesa uliyotoa ambayo moyo hautaki kukubali imepotea. Ndiyo sababu wale watafiti wanachoma wengine maji ya chumvi, na waliochomwa maji hayo nao hupata nafuu. Swali la maana ni kama seli zinazidi hapo, na kwa kiasi gani. Video haiwezi kulijibu.

Madhara nayo yapo. Mwaka 2018 nchini Marekani watu 12 walilazwa hospitali kwa maambukizi ya bakteria baada ya kuchomwa kwenye viungo na mgongoni bidhaa iliyotengenezwa kwa damu ya kitovu. Mwaka 2016 The New England Journal of Medicine lilieleza habari ya mtu mwenye kiharusi aliyezunguka nchi tatu akichomwa seli kwenye uti wa mgongo. Zikamwotea uvimbe humo humo, ukaendelea kukua, na akapooza zaidi ya alivyokuwa. Hayo si ya kila siku. Ila nataka uyapime ukijua kwamba mamlaka ya dawa ya Marekani mpaka sasa haijaidhinisha seli shina zozote kwa mgongo wala kwa viungo. Neno "uliothibitishwa" kwenye tangazo lako halina mwenyewe.

Na kuna kipimo kimoja rahisi ambacho hakihitaji udaktari. Mtafiti wa kweli hakuuzii dawa anayoijaribu. Anakuomba ushiriki, anakupa fomu ya ridhaa kwa lugha unayoielewa, anakwambia wazi kwamba unaweza kuangukia kundi la maji ya chumvi, anakueleza nani atakutibu ukidhurika, na unaweza kujitoa siku yoyote bila kugombezwa. Hapa nchini jaribio la dawa linahitaji kibali cha TMDA, mamlaka yetu ya dawa na vifaa tiba, ambao makao yao makuu yako hapa hapa Dodoma, na kibali cha maadili ya utafiti, kama kile cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa. Uliza namba ya kibali. Hospitali inayokutoza mamilioni kisha ikayaita utafiti imechanganya vitu viwili visivyochanganyika. Na ukionyeshwa kwamba jina lao limo kwenye orodha ya mtandaoni ya majaribio ya Marekani, usitishike. Kuorodheshwa mle si kupewa kibali.

Ningekutibu vipi mimi? Kwa mambo yasiyo na tangazo. Diklofenaki ningeanza nayo kwa kuiondoa. Kwa mtu wa miaka 61 mwenye presha, kuimeza kila siku kwa kununua dukani kunaweza kupandisha hiyo presha, kuumiza figo na kutoboa tumbo. Siku chache maumivu yakizidi, kwa maelekezo, sawa. Si mwaka mzima. Ipo ya kupaka, si kali kwa mwili kama ya kumeza. Mkanda uweke kabatini. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya mgongo, halipendekezi mikanda, wala mashine za kuvuta mgongo, wala dawa kali za maumivu za jamii ya tramadoli. Linapendekeza mazoezi, elimu, tiba za mikono, na dawa za kupoza uvimbe kwa uangalifu.

Najua mazoezi yanasikika kama ushauri wa bure mtu akiwa na maumivu ya miaka tisa. Subiri nikuonyeshe. Tandika mkeka, lala chali, kunja magoti, nyayo zikae chini. Bana makalio kwanza, ndipo unyanyue kiuno taratibu, uhesabu mpaka tano, ushushe. Mara nane, pumzika, tena mara nane. Kisha piga magoti, kalia visigino, nyoosha mikono mbele mpaka paji la uso likaribie mkeka, ukae hapo pumzi kumi. Utasikia sehemu ya nyuma ya kiuno inafunguka. Hilo la pili ndilo viungo vyako vidogo vinalipenda, kwa sababu linavipanua. Ongeza kutembea, dakika kumi asubuhi kabla jua halijawa kali, na kila wiki uongeze dakika tano. Nafuu usiitafute wiki ya kwanza. Nakwambia wiki ya sita hadi ya kumi na mbili, na wiki mbili za mwanzo unaweza kuumwa kidogo zaidi. Mtaalamu wa fiziotherapia akuone angalau mara mbili tatu akurekebishe, kwa maana wengi wanaponiambia mazoezi hayakufaa, nikiwaomba wayafanye mbele yangu nakuta wanapinda mgongo kwenda nyuma badala ya kunyanyua kiuno.

Shambani, usipogolee ukiwa umesimama saa mbili mfululizo. Chukua kigoda, weka mguu mmoja juu yake, badilisha mguu kila safu ya mizabibu. Mgongo haujipindi nyuma kirahisi mguu mmoja ukiwa juu. Ndoo ya lita 20 igawe mbili za lita 10, mkono huu na mkono huu. Na ukae kabla maumivu hayajakukalisha.

Yakishindikana hayo kwa miezi mitatu kwa bidii ya kweli, ziko sindano tunazozijua. Steroidi kwenye kiungo au karibu na neva inaweza kukupa wiki kadhaa, wengine miezi michache, wengine hakuna kitu. Na kama una kisukari sukari itapanda kwa siku kadhaa, kwa hiyo ipimwe kwanza. Kuna pia kuunguza vineva vya viungo vya nyuma kwa joto la umeme, kwa yule ambaye ganzi ilikata maumivu yake vizuri; nafuu yake huweza kufika miezi sita hadi mwaka, kisha neva huota tena. Si kila hospitali inafanya, omba rufaa kwa daktari bingwa wa mifupa au wa mishipa ya fahamu. Ikibidi Dar, kuna treni. Hakuna hata moja kati ya hizi inayorudisha ujana wa pingili, na anayekwambia vingine mwombe akuonyeshe.

Kuna jambo moja silipendi kwenye eksirei zako: mara tatu picha, na hukuandika popote kwamba mtu alikuuliza kuhusu homa au maziwa. Huku kwetu kati ya wafugaji, si kila mgongo unaouma umesagika. Nilimwona mfugaji mmoja aliyetembea na bahasha ya "pingili zimesagika" miezi minane. Alikuwa anatokwa jasho usiku na kupungua uzito, na ana mazoea ya kunywa maziwa mabichi. Ilikuwa brusela, ugonjwa wa bakteria unaotoka kwa mifugo, imeingia kwenye mgongo. Dawa za antibayotiki za miezi kadhaa zikamsimamisha. Kifua kikuu nacho hukaa kwenye pingili bila mtu kukohoa hata siku moja. Kwa hiyo kama una homa za jioni, jasho la usiku, umepungua bila kujinyima chakula, maumivu yanakuamsha usiku hata umelala vipi, uliwahi kuugua saratani, au maumivu yameanza ghafla baada ya kuanguka hata kidogo, usisubiri mazoezi yangu. Nenda wiki hii.

Na nenda siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku, ukishindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, au mkojo ukigoma kutoka, au ukifa ganzi sehemu inayokaa kwenye tandiko la baiskeli, au mguu ukianza kuburuta. Hapo mishipa ya fahamu inakandamizwa, na tunahesabu saa.

Vinginevyo njoo kliniki kwa utaratibu wa kawaida. Lete eksirei zote tatu, na ile ya zamani kabisa usiiache, ndiyo nitakayolinganisha nayo. Lete dawa za presha pamoja na kila kitu unachokunywa, hata pakiti ya ule unga kama imebaki, nisome kilichoandikwa. Vaa blauzi na kanga, ili niuone mgongo ukiwa umesimama na ukiwa umeinama. Na mwanao wa Dar, kama anaweza, awe kwenye simu siku hiyo, kwa sababu tangazo aliliona yeye na maswali mengine atakuwa nayo yeye.